Mlaji wa Siri

Ukikanyaga kizingiti chenye Lindamwili, kabla mguu wa pili haujafuata, mashine imeshakupima uzito, imeshasoma damu yako kwa mwanga, na imeshamwambia mpishi-roboti akupakulie nini. Mbeya nzima walikuwa nazo milangoni. Aliyeibuni, mhandisi Sekela, aliishi na dada yake Tumpe, na ni huyo Tumpe aliyemtia aibu.

Maana Tumpe alinenepa. Roboti alimpunguzia ugali, akamnyima mafuta, akabaki kumpa mchicha wa kuchemsha, lakini uzito ulipanda na kolesteroli ikapanda nao. Siku moja Lindamwili ikatoa hukumu mbele ya wageni: mlaji wa siri. Tumpe aliapa kwa kaburi la mama yao kwamba hajadokoa hata tonge. Sekela, msomi mzima, akaamini chuma, akatia stoo kufuli. Mwezi wa nne wa kufuli hilo Tumpe akakiri wizi ambao hakuufanya. Alikuwa amechoka kubishana, maskini, anazungumza polepole kwa sauti ya kukwaruza, kajifunika blanketi na jua linawaka.

Alipoanguka jikoni ndipo akaitwa Dokta Lusajo. Huyu hakuuliza mgonjwa anakula nini. Aliuliza kama anasikia baridi, kama anapata choo, akamgusa ngozi iliyokauka. Kisha akamgeukia mhandisi: mbona mashine yake haipimi homoni ya dundumio, ile tezi ya shingoni?

Sekela alijibu kwamba kipimo hicho walikiondoa makusudi. Zamani watu wa milimani huku walivimba shingo, wakaota rovu. Chumvi yenye madini joto ilipoenea rovu likaisha, nao wabunifu wakaona wameshaagana na maradhi ya tezi.

"Tezi hulegea hata bila kuvimba," alisema daktari. "Ikilegea, mwili mzima unapunguza mwendo. Ini linachelewa kuondoa kolesteroli kwenye damu, chumvi na maji vinabaki mwilini, uzito unapanda. Mmemshindisha njaa mgonjwa."

Dawa ilikuwa kidonge kimoja kila asubuhi, kidonge cha tangu enzi za mabibi. Miezi michache baadaye Tumpe aliliacha blanketi, kolesteroli ikashuka, na uzito nao ukapungua kidogo. Sekela akaizima Lindamwili ya nyumbani, akampigia dada yake magoti kuomba radhi.

"Mashine nimeisamehe, hainijui," alisema Tumpe. "Wewe nilikubeba mgongoni, mdogo wangu. Ulijua mimi si mwizi."

Sekela alijua. Akabaki amepiga magoti, na dada yake hakumwambia ainuke.