Taarifa si Salamu

Kila asubuhi, nyumbani kwao Bofu, Likoni, Jalila alimkalisha mwanawe ndani ya beseni. Alimzungushia leso mgongoni na mbavuni asianguke, kisha akaanza kupika mahamri ya kuuza. Ihsan alikuwa amepita umri wa mwaka mmoja na nusu. Kukaa mwenyewe, bado.

Jirani akiuliza, "Mtoto hajambo?" Jalila hujibu, "Hajambo, alhamdulillahi. Yuwaendelea vyema." Ndivyo alivyofunzwa na mkwewe, Bi Mwanabibi.

"Kasoro ya mtoto haitembezwi barazani," mama huyo husema. "Macho ya watu yana sumu."

Kila Jumatatu Jalila alimpeleka Ihsan kwenye kituo cha mazoezi ya watoto wanaochelewa kukua. Mtaalamu wa mazoezi, Bwana Kyalo, alikuwa kijana mchangamfu. Alimuuliza habari palepale kwenye benchi, mbele ya akina mama wote. Naye Jalila alimjibu kama anavyomjibu jirani. Kyalo aliandika alichoambiwa.

Jumatatu moja, Kyalo alimpokea kwa kicheko.

"Mama Ihsan, leo tudai mahamri ya sherehe! Mwanao amemaliza. Mwezi ujao nafasi yake tutampa mtoto mwingine."

Jalila alimvuta Ihsan kifuani.

"Amemaliza nini?" aliuliza. "Mtoto hajajua kukaa!"

Kicheko kilimfia Kyalo mdomoni. "Hajajua? Si wewe uliniambia anaendelea vyema?"

"Subhanallah! Ulitaka nimwanike mwanangu mbele ya watu?"

Sauti zilimtoa ofisini Bi Alawiya, msimamizi wa kituo. Aliwaingiza ndani, akafunga mlango. Akaisoma taarifa ya Ihsan: "Anaendelea vizuri. Mama ameridhika." Akageuza ukurasa. Maneno yalikuwa yale yale.

"Kyalo," alisema, "nimemtafuta mtoto humu, sikumwona."

"Lakini mkekani anakaa vizuri, Bi Alawiya."

"Wewe mikono yako iko wapi?"

"Nimemshika kiunoni."

"Basi mbona hukuiandika hiyo mikono? Ukimwachilia?"

Kyalo alitazama chini. "Anaanguka."

"Lo! Na sisi tulikuwa karibu kumtoa!" Bi Alawiya aliiweka karatasi mezani. "Taarifa si salamu, ndugu yangu. Andika ulichokiona kwa macho yako. Mtoto anafanya nini, kwa msaada gani, na kwa muda gani? Kipi bado hawezi kukifanya? Taja tofauti na mara iliyopita. Hali ya nyumbani iandike kama mzazi anavyoieleza, naye umuulize faraghani. Kisha muafikiane lengo linalofuata."

Akamgeukia Jalila. "Nawe, mwanangu, jirani mjibu upendavyo. Humu ndani, mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumbani Ihsan hukaa vipi?"

Kwa mara ya kwanza Jalila alieleza habari za beseni.

Kyalo alishtuka. "Kila asubuhi? Basi mgongo wake haufanyi kazi! Beseni ndilo linalomkalisha."

Akamwonyesha namna bora. Jalila akae sakafuni, amweke mtoto kati ya miguu yake na kumshika nyonga. Mbele yake aweke kijiko au kifuniko, mtoto apate kukinyooshea mkono. Taratibu, apunguze kumshika. Kyalo aliandika hayo yote, akamsomea, naye akakubali. Ihsan akabaki na nafasi yake.

Bi Mwanabibi aliposikia, alikasirika. "Umesema kila kitu? Ole wetu!" Lakini kila asubuhi alimwona mjukuu wake akifanya mazoezi sakafuni. Punde akawa yeye ndiye anayegonga kifuniko ili mtoto akifuate.

Siku moja Jalila alikuwa akikanda unga katika lile beseni. Alisikia mkwewe akipiga ukelele.

"Jalila! Njoo! Nani amemshika huyu?"

Hakuna aliyemshika. Ihsan alikuwa amekaa peke yake mkekani, kifuniko mkononi.

Jumatatu iliyofuata, mlango ukiwa umefungwa, Kyalo alishika kalamu. "Mama Ihsan, nyumbani vipi?"

"Amekaa peke yake," alisema Jalila. "Hakuanguka hata nikamaliza kukanda unga."

Kyalo alitabasamu, akaandika haraka.

"Ngoja, hujamaliza," Jalila alimwambia. "Akichoka, huangukia kushoto, kila mara. Andika na hilo."