Picha ya Ishirini na Tano

Mchoraji alihesabu picha zake mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta. Binti wa mwanga aliyemchora alitakiwa kucheza ngoma kwa picha ishirini na nne, halafu arudi mwanzo na kucheza tena, bila kukoma, kama ilivyo katika michezo ya kompyuta. Sasa zilikuwa ishirini na tano. Ile ya mwisho hakuichora yeye. Humo binti alikuwa ameacha kucheza, kageuza shingo, anamtazama.

"Usingizi tu huu," alijisemea, akaifuta.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ingawa mle katika ofisi yao ya kutengeneza michezo usingejua. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi ili rangi za neoni zionekane sawasawa: mstari mweupe katikati, waridi na buluu zikimwagika pembeni. Wenzake walimwita Fundi Taa, na tangu amlete yule binti hawakuisha kumsifu.

"Kiuno hicho umekitoa wapi, bwana? Huyu hana mfupa hata mmoja!"

Naye hucheka tu. Angewaambia nini? Kwamba binti huyo hakumbuni yeye? Alifuatisha video, picha kwa picha, akipitisha mistari yake juu ya mwili wa mtu, na mtu huyo alikuwa mdogo wake wa kike, siku mganga alipomtoa jini. Kabla ya kuanza, msichana alimshika mkono. "Kaka, simama mlangoni. Sitaki mtu anione vile." Akasimama mlangoni kweli. Kisha akaipenyeza simu kwenye upenyo wa mlango, akarekodi. Wiki tatu sasa aibu ilimla ndani kwa ndani, na kila sifa aliyopewa ilimchoma.

Alipoichezesha tena, picha ya ishirini na tano ilikuwepo, uso umesogea karibu zaidi. Hapo ukaanza mvumo wa taa iliyochakaa, na mle hamkuwa na taa ya namna hiyo, ukafuatwa na harufu ya nywele zilizoungua, na alipochomoa waya wa umeme kioo kikazimika lakini mistari ya waridi ikabaki, kwenye vitambaa vyeusi, ukutani, kwenye viganja vyake mwenyewe, ikicheza mwendo uleule aliouiba, hata akahisi yuko tena pale kwenye upenyo, anachungulia, na huko ndani kuna kitu kinachojua kwamba yupo.

Simu ikalia. Ni mama yake.

"Njoo," alinong'ona. "Mdogo wako kaanza tena. Anacheza kidogo, anasimama, anarudia palepale alipoanzia. Mwanangu, nyayo zinatoka damu."

Nyumbani alimkuta mganga yuleyule ameshafika, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Mchoraji hakungoja kuulizwa. Alifungua kompyuta yake ya mpakato mbele yao, akasema yote huku macho yako sakafuni. Mama yake alishika mdomo.

"Nilimtoa jini akiwa hana mwili, angepotea mwenyewe," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ukampa mwili, tena usiochoka. Wiki tatu alikuwa anajifunza kuuvaa. Sasa kila anapochezeshwa anamvuta na huyu mtoto. Futa!"

Akafuta. Video, michoro, hata nakala za ofisini kupitia mtandao, zote. Msichana akalegea, akalala mapajani mwa mama yake, na nyumba ikatulia. Baada ya muda akafumbua macho.

"Kaka, siku ile ulikaa mlangoni?"

"Nilikaa."

"Hakuna aliyeniona?"

Kabla hajajibu simu yake ikalia, na sauti ya bosi wake ikajaa chumbani.

"Fundi Taa! Mchezo wetu nimeuachia mtandaoni leo asubuhi. Watu elfu tatu wameshaupakua, na wote wanamtaka yule binti! Unasikia? Elfu tatu!"

Mganga alivua miwani, akakaa chini polepole. Kisigino cha msichana kikagonga sakafu mara moja. Kikagonga tena. Akainuka huku analia, akaanza kucheza.

"Nani?" mama alipiga kelele. "Nani anamchezesha mwanangu?"

"Ni mimi, mama," alisema mchoraji, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu zote, na mwili ule ukaendelea kucheza mikononi mwake.