Si Dawa, Ni Mafuta Tu

Kila asubuhi Filsan alioga mapema, kabla maji ya tangi hayajachemshwa na jua la Garissa. Alifunga komeo la bafu, akatoa kopo dogo alilolificha ndani ya leso, akajipaka mafuta kuanzia usoni hadi kwenye nyayo. Halafu aliingia chumbani kupigana na sketi yake ya shule.

Asubuhi hiyo zipu ilikataa tena. Alibana tumbo, akavuta mpaka vidole vikamuuma. Fundi cherehani wa mtaa wa Iftin alikuwa ameipanua sketi hiyo mara mbili, na mara ya pili alimwambia kitambaa cha kupanulia kimekwisha, labda sasa alete pazia. Filsan hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu muhula uliopita alikuwa ameongeza kilo kumi na moja asizojua zimetoka wapi.

“Tende zimepungua tena,” mama yake, Lul, alisema kutoka jikoni akigeuza mikate ya anjera kikaangoni. “Nani amefungua mkebe?”

“Si mimi, hooyo,” Filsan alimjibu mama yake.

“Si wewe. Basi ni paka.”

Nyumba nzima ilijua kwamba bibi yao, Ayeeyo Muslimo, huweka tende chini ya mto wake. Lakini nani angemtuhumu mtu wa miaka themanini wakati kuna mtoto mnene wa kulaumiwa? Filsan alikula nusu ya anjera, nusu akaiacha makusudi ili mama aione. Mama aliiona, akasema bila shaka ameshiba tende.

Sasa lile kopo. Lul alikuwa na kibanda sokoni, akiuza hina, uturi na krimu. Kilichompa jina kilikuwa mchanganyo wa maharusi. Alikamua tyubu nyingi za krimu zilizoletwa kutoka Elwak, mpakani, ndani ya beseni, akaongeza mafuta mazito, akakoroga kwa mwiko mpaka ukawa kitu cheupe, laini, chenye harufu tamu. Binti akikaribia kuolewa, mama yake huja kuagiza kopo, na bibi harusi hujipaka mwili mzima kwa majuma kadhaa. Siku ya harusi ngozi yake huwa nyeupe, na wageni hawaachi kumsifu.

Filsan alikatazwa kuugusa. “Huu ni wa maharusi, si wa watoto,” Lul alimwambia. “Nikikukuta nao utanitambua.” Lakini kwenye harusi ya binamu yake Ilhan, Filsan alisikia sifa zile zote zikimwagwa kwa mwingine, na yeye akaambiwa apeleke birika la chai. Tangu siku hiyo alianza kuchota kwenye beseni, kijiko kimoja leo, kijiko kimoja kesho. Kwa hiyo alikuwa mkweli kuhusu tende na mwongo kuhusu kopo. Na kwa kuwa alisingiziwa lile asilolifanya, alijiona ana haki yote duniani.

Mtaani kila mtu akageuka daktari. Jirani mmoja alisema ni soda. Mwingine alisema ni usingizi, na wa tatu akasema ni jicho la watu, asomewe dua. Ayeeyo Muslimo alisema mtoto amenawiri, alhamdulillahi, watu waache wivu. Mustaf, kaka yake Filsan, alisema nyumba ikikosa gunia la mchele wajue pa kulitafuta. Filsan aliacha sukari, akaacha wali wa jioni, akaacha hata maziwa ya ngamia aliyoyapenda. Uso ukazidi kuvimba mashavu, mikono ikabaki myembamba, na michirizi myekundu ikatokea mapajani na kwenye mikono karibu na kwapa. Alichoka kiasi kwamba kupanda ngazi tatu za darasa kulimfanya atake kulia.

Mwalimu Salah, aliyefundisha mpira wa wavu, alimvumilia majuma mawili. Filsan ndiye aliyekuwa mchezaji wake bora, na mashindano ya Modogashe yalikuwa karibu.

“Filsan, unaruka kama uliyebeba mtungi,” alimwambia. “Umeanza uvivu?”

“Mwalimu, wallahi nimechoka kuulizwa.”

Alilisema kwa sauti ya juu, mbele ya timu nzima, na machozi yakamtoka. Siku hiyohiyo Mwalimu Salah alimpigia Lul simu, akamwambia uchovu huo si wa uvivu, mtoto apelekwe hospitali.

Daktari aliyewapokea aliitwa Roda, mwanamke wa makamo mwenye miwani na haraka nyingi. Alimpima Filsan uzito na presha, akamtazama uso na ile michirizi, akaagiza damu itolewe asubuhi.

“Anatumia dawa yoyote?” aliuliza. “Vidonge, sindano, miti shamba?”

“Hatumii,” Lul alijibu.

“Filsan?”

“Hapana, daktari.”

Baada ya juma moja majibu yalirudi. Sukari ilikuwa sawa. Tezi ya shingoni ilikuwa sawa. Lakini kulikuwa na kitu kinachoitwa kortisoli, na hicho kilikuwa chini sana. Daktari Roda aliirudia karatasi mara mbili, kisha akaiweka mezani kwa nguvu kidogo.

“Kortisoli ni homoni inayoupa mwili nguvu ya kuhimili ugonjwa, njaa na mshtuko,” alieleza. “Mtu ikimpungua, kwa kawaida hukonda. Huyu ananenepa. Nikiona hivi, mara nyingi kuna dawa inayoingia mwilini kwa njia ambayo sijaambiwa. Kuna kitu mnanificha?”

“Mimi nikufiche?” Lul aliuliza, amekasirika. “Nimefunga kibanda siku tatu kwa ajili ya mtoto huyu.”

Filsan alitazama viatu vyake. Kopo lilimjia akilini, lakini alijiambia hayo ni mafuta, si dawa, na daktari ameuliza dawa. Tena akisema, mama atajua nani anayechota kwenye beseni. Akatikisa kichwa kukataa. Daktari akashusha pumzi, akawapa siku ya kurudi, na akamwonya Lul: mtoto akitapika au akizimia, amlete mara moja bila kungoja.

Juma hilo mvua zilikata barabara ya kaskazini na mzigo wa Elwak haukufika. Beseni la Lul likakauka, na kopo la Filsan likaisha. Siku ya nne bila mafuta, Filsan aliamka na kichefuchefu. Alitapika chai, akatapika maji, na Lul akamwambia haya ndiyo matokeo ya kula hovyo. Alikwenda shule kwa ukaidi, maana alichoka kuitwa mvivu. Katikati ya gwaride, jua likiwa bado dogo, alianguka kifudifudi mchangani.

Alipofumbua macho alikuwa kitandani hospitalini, dripu ikitona mkononi. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, shungi limekaa upande, uso umesawijika. Hakuwa mama wa tende tena.

“Tumemchoma sindano, presha imeanza kupanda,” Daktari Roda alimwambia Lul. “Angechelewa kuletwa, tungempoteza. Na sitaki mchezo tena.” Alimgeukia Filsan, akavuta kiti, na sauti yake ikawa ndogo. “Safari hii siulizi dawa. Niambie kila unachokula, unachokunywa, unachonusa na unachojipaka. Siwezi kukutibu kwa kubahatisha.”

Filsan alimwangalia mama yake. Alijua akinyamaza ataondoka hapa bila kuchapwa, au labda hataondoka kabisa. Aliogopa sana. Lakini mwili ulikuwa umemwogopesha zaidi kuliko mama.

“Ninajipaka mchanganyo wa hooyo,” alisema. “Mwili mzima, kila siku, tangu harusi ya Ilhan, miezi mitatu sasa. Nilikuwa nauiba. Umeisha siku nne sasa.”

Lul alisimama. Hakuna aliyejua kama atapiga au atalia.

“Lakini si dawa,” alisema, akimtazama daktari. “Ni mafuta tu. Nimeuza miaka sita.”

“Niletee tyubu.”

Lul alikwenda sokoni na kurudi na mfuko wa tyubu zilizokamuliwa. Daktari alisogeza miwani, akasoma maandishi madogo, akatikisa kichwa.

“Hii ni dawa kali ya ngozi. Mgonjwa hupakwa kidogo, mahali padogo, kwa siku chache. Ukiipaka mwili mzima miezi mitatu, inapenya na kuingia kwenye damu, nayo hufanya kazi kama kortisoli iliyozidi. Hapo ndipo uso unapojaa na kilo zinapopanda, hata kama hali tende. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza kortisoli ya mwili. Zikiona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Mafuta yalipoisha, tezi zilikuwa bado zimelala, na mtoto akabaki bila kitu. Kikulacho ki nguoni mwako.”

Alimwandikia Filsan vidonge vya kuziba pengo la kortisoli, vya kupunguzwa pole pole, akamkataza kuviacha ghafla hata siku moja. Alisema uzito utashuka, lakini utachukua miezi, si majuma, kwa hiyo watu wa mtaani watafute mazungumzo mengine. Mashindano ya Modogashe yalifanyika bila Filsan. Aliumia, akalia, na Mwalimu Salah akaja nyumbani kumwomba radhi kwa lile neno la uvivu.

Lul hakumchapa. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali alimchukua Filsan hadi kibandani, akalimwagia sabuni lile beseni na kulisugua mpaka mkono ukachoka. Hapo akafika Ramlo, mteja wake wa siku nyingi, kuchukua kopo la binti yake.

“Siuzi tena,” Lul alisema. “Mchanganyo huu una dawa ndani. Ulimlaza Filsan hospitali. Na binti yako kama ameshaanza kujipaka, asiache ghafla, mpeleke kwa daktari kesho.”

“Lul, usinichezee. Harusi ni Ijumaa. Maharusi wangapi wamejipaka na hawakufa?”

Hilo ndilo Lul alilojiambia yeye mwenyewe kwa miaka sita. Ndipo Filsan, bila kutumwa, akapandisha mkono wa nguo yake hadi karibu na bega. Michirizi ilikuwa pale, mipana, myekundu, kana kwamba ngozi imechanika kwa ndani. Ramlo aliitazama. Kisha akachukua simu yake na kumpigia binti yake.

Alipoondoka, Lul aliushusha mkono wa nguo ya mwanawe.

“Nilikuuliza habari za tende kila asubuhi,” alisema, “na sikukuuliza hata mara moja kwa nini unajifungia bafuni. Wewe uliogopa kusema ulichojipaka, mimi sikutaka kujua ninachouza. Ukikosea, njoo uniambie, hata kama nitafoka. Nikifoka nitanyamaza baadaye. Ungekufa, ningemfokea nani?”