Maji ya Muze Kwenye Tenki la Ipyana

"Maji ya wapi haya?" Cornelia aliuliza, kidole kikiwa bado kimeloa.

"Ya Ziwa Rukwa. Nimeyafuata mwenyewe Muze, madumu manne."

"Ukamwaga humu?"

"Chumvi ya tenki iliisha. Na yale ni maji ya chumvi, sasa tatizo liko wapi?"

Cornelia alimtazama mchumba wake kuanzia kiatu kilichopigwa kiwi hadi utosini. Afisa mzima, mtu pekee mtaani kwao Sumbawanga mwenye tenki la viumbe vya baharini, anayewahutubia wageni wake habari za bahari huku bia iko mkononi. Ndani ya tenki, tumbawe laini lenye umbo la uyoga lilikuwa limenywea na kuoza upande mmoja. Miaka miwili Ipyana amekuwa akiwaambia watu kuwa lile ni ua.

"Huyu ni mnyama, Ipyana. Maji ya Rukwa yana magadi. Umemchoma."

"Basi wewe mwalimu wa Baiolojia fanya mambo yako. Mimi nina safari ya kikazi Kasesya, mpakani."

Ndivyo alivyo. Akishaharibu, ana safari.

Cornelia akampigia Yonas, aliyewauzia tenki kutoka Dar.

"Dada, usibadilishe maji yote siku moja, utammaliza," Yonas alisema. "Badilisha kidogo kidogo. Palipooza kata na wembe mpya mpaka ukute nyama safi. Halafu mwache atulie. Taa hafifu, na maji yasimpige kwa nguvu."

Chumvi ya bahari ilikuja kwa basi. Cornelia akakata, na harufu ikamkaa mikononi hadi darasani. Kipande kidogo kizima kilichobaki pembeni alikifunga kwa uzi juu ya kijiwe. Kila jioni akitoka shuleni alipitia pale kuchanganya maji na kuangalia kama kipasha joto kinafanya kazi, maana baridi ya Julai Sumbawanga haina huruma.

Wiki ya tatu tumbawe likajivua utando mwembamba, na vidole vyake vidogo vikachomoza tena. Cornelia alilia. Alimpenda yule mwanamume, na alidhani anatibu kitu cha wote wawili.

Jioni hiyo Ipyana aliweka picha kwenye status yake: "Nimemponya kwa mikono yangu mwenyewe. Ni subira tu." Mikono ambayo haijawahi kusuuza kikombe.

"Nipe kile kipande kidogo nikakiweke ofisini Kasesya," alimwambia wiki chache baadaye.

Cornelia akakitia kwenye chupa, akaongeza dumu la maji ya kubadilishia, akabandika karatasi ya maelekezo na namba yake ya simu, ofisini wasije wakakiua.

Siku mbili kabla ya posa, ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni:

"Mambo. Naitwa Violeth, niko Kasesya. Lile ua la kwenye chupa limenywea. Namba yako nimeiona kwenye karatasi. Ipyana kasema anayesafisha tenki ni dada wake wa kazi. Ndiyo wewe?"

Cornelia akapiga.

"Wewe ni nani wake Ipyana?"

"Mchumba wake. Mbona maswali ya polisi? Niambie nifanye nini."

Cornelia alitaka kukata simu. Lakini mnyama hakuwa na kosa.

"Umemweka wapi?"

"Dirishani, apate jua."

"Mtoe hapo. Mbadilishie maji kidogo kidogo, yale aliyokuja nayo kwenye dumu."

"Asante, dada. Nitamwambia akuongezee mshahara."

Cornelia hakumpigia Ipyana. Aliona kumpigia ni kumpa heshima asiyostahili.

Jumamosi, sebuleni kwa Mzee Felisiani, baba yake Cornelia, kule Chala, barua ya posa ilikuwa kwenye sahani, haijafunguliwa. Haifunguliwi mpaka binti aulizwe kama anawafahamu wageni. Mshenga, Mzee Sadoki wa Mbeya, alikaa wima. Ipyana alikuwa ndani ya suti, akitabasamu kama mwenye mali.

"Shikamooni," Cornelia akasalimu akiingia.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Felisiani akajibu. "Wageni hawa unawafahamu?"

"Namfahamu mmoja, Baba. Huyu wa suti ni bosi wangu."

"Bosi?"

"Mimi ni dada wake wa kazi, namsafishia tenki. Mchumba wake yuko Kasesya. Ujumbe wake huu hapa."

Shangazi Margareth akaipokea simu, akausoma ujumbe kwa sauti, taratibu, kama anasoma somo la Misa. Mzee Sadoki akainamisha kichwa.

"Cornelia, tuongee pembeni," Ipyana akanong'ona.

"Ongea hapa hapa, bosi."

Mzee Felisiani aliichukua barua, akaiweka mapajani kwa mshenga.

"Mzee mwenzangu, mmekosea njia. Kasesya siyo huku."

Mlangoni Ipyana akageuka, jasho likimtoka.

"Sasa Jumatatu maji ya tenki atabadilisha nani?"

Cornelia alicheka mpaka shangazi akamshika mkono. Kisha akaenda jikoni kupakua chakula, maana ndugu zake walikuwa hawajala.