Rangi Haichaguliwi Kwenye Balbu

Kila alipotoka shule, Chaki alipita kwanza kwenye chumba cha kushonea cha baba yake. Alichukua ufunguo juu ya fremu ya mlango, akafungua, akapangusa vumbi kwenye cherehani, kisha akafunga na kwenda kuosha vyombo. Jina la Chaki alipewa na baba mwenyewe, kwa sababu utotoni alikuwa akitafuna chaki za kuchorea vitambaa. Kaka yake, asiyetulia mahali, aliitwa Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa, lakini majina aliyowapa yalibaki midomoni mwa watu.

Ijumaa moja Chaki alikuta mlango uko wazi. Mama alikuwa akijaza vitambaa kwenye mifuko.

"Kesho jioni anaingia mpangaji, kinyozi," mama alisema bila kugeuka. "Cherehani inakwenda kwa shangazi yako."

"Kesho? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini, mwanangu? Chumba kikikaa bure, mtakula vumbi?"

"Mnamzika Baba mara ya pili!" Chaki alipiga kelele, akatoka na kuubamiza mlango.

Alijifungia chumbani kwake, akafunga dirisha na kuwasha balbu. Hakutaka kuona sura ya mtu. Alitoa rangi alizopewa na shangazi yake, ambaye alikuwa mchora mabango, na picha ndogo ya kitambulisho ya baba. Angemchora baba na kumtundika kwenye ukuta wa chumba kile, kinyozi atake asitake. Alipaka kwa nguvu hadi brashi ikapinda nywele. Penye kivuli alikamua nyeusi. Penye mwanga alijaza nyeupe: kwenye paji la uso, puani, mashavuni, hata masikioni. Chini ya balbu, uso ulionekana kung'aa.

Asubuhi aliipeleka picha sebuleni, palipokuwa na jua. Bobini, aliyekuwa akinywa chai, nusura apaliwe.

"Huyu nani? Mbona kapakwa majivu?"

"Ni Baba."

"Baba gani? Huyu kalowa mvua wiki nzima!"

Brashi ilitoka mkononi mwa Chaki, ikampiga Bobini kifuani. Shati jeupe likapata doa jekundu. Bobini aliweka kikombe chini, akasimama, hana mzaha tena.

"Unadhani ni baba yako peke yako?" aliuliza.

Shangazi aliwakuta hivyo, wamesimama wakitazamana kama majogoo. Alikuja kuchukua cherehani. Aliitazama picha, akainama, akaitazama tena.

"Umemharibu kaka yangu," alisema. Shangazi hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Rangi hizi ulizichanganyia wapi?"

"Chumbani."

"Kwenye balbu?"

Chaki aliitikia kwa kichwa.

"Mtoto wa fundi cherehani! Baba yako alipochagua uzi, alisimama wapi?"

Chaki alijua. Mlangoni. Hata mteja akinuna kwa kungoja, baba alitoka na kitambaa mpaka mlangoni, akaweka uzi juu yake na kusema, "Rangi haichaguliwi kwenye balbu."

"Balbu ile ni ya manjano," shangazi aliendelea. "Inakiazima kila kitu rangi yake, na asubuhi inaichukua. Ndiyo maana uliona uso una joto, kumbe ni majivu. Halafu kwenye ile picha ya kitambulisho, taa ilimpiga usoni moja kwa moja. Taa ya hivyo inafuta pua, inafuta mashavu. Umechora kitambulisho, hukumchora mtu."

"Sasa nifanyeje? Sina picha nyingine! Na jioni chumba kinaondoka!"

"Usinifokee, mimi si kinyozi. Picha nyingine unayo. Ile pale, yenye doa kifuani."

Bobini alitikisa kichwa. "Mimi? Kwa huyu aliyenirushia brashi?"

Chaki aliuma mdomo. Jua halingemngoja. "Nisamehe, kaka," alisema.

"Sisikii."

"Nisamehe! Na usinichokoze!"

Bobini alicheka, akawatangulia chumba cha kushonea, akaketi kwenye cherehani, karibu na dirisha, mahali pa baba. Mwanga uliingia kutoka kushoto. Chaki alishtuka. Shavu lile lilikuwa la baba.

Shangazi alichukua tyubu ya nyeusi, akaitia mfukoni.

"Lakini kivuli ni cheusi!" Chaki alilalamika.

"Nani kakwambia? Tazama, usibuni. Chini ya taya pana nini?"

Chaki alitazama kwa hasira, kisha akatazama kweli. Juu ya cherehani kulikuwa na kitambaa cha buluu, na buluu ile ilipanda mpaka shingoni mwa Bobini. Kivuli kilikuwa kahawia yenye buluu ndani yake. Aliichanganya pale pale dirishani, akajaribu, akafuta, akajaribu tena. Upande wa dirisha alitia kahawia yenye manjano. Shati na ukuta alivipaka rangi za ubaridi, zenye buluu na kijivu. Alipotaka kujaza nyeupe, shangazi alimshika mkono.

"Ukiwasha kila mahali, hakuna patakapong'aa. Chagua mahali pamoja tu."

Chaki alichagua ukingo wa shavu. Aliupaka mara moja, akaacha. Jicho moja alilifinya, kama alivyomkumbuka baba.

Jua lilikuwa limeanza kuhama dirishani kinyozi alipofika na vioo vyake. Mama aliingia nyuma yake, akaiona picha imeegemezwa ukutani. Aliisogelea.

"Kafinya jicho," alisema hatimaye.

"Alikuwa anafinya akitunga uzi kwenye sindano," Chaki alijibu.

"Najua, mwanangu." Mama alifuta macho kwa kiganja. "Bobini, sogea hapo. Unamzibia mwanga, hatauona uzi."

Picha ilitundikwa sebuleni, karibu na dirisha. Shangazi alirudisha tyubu ya nyeusi.

"Waliosema hasira ni hasara hawakukosea," alimwambia Chaki. "Uchungu wako ni wa haki, na hakuna atakayekukataza. Lakini ulijifungia nao, ukaanza kazi huoni vizuri, ukamkosea kaka yako na ukamkosa baba yako. Kazi nzuri inataka macho kwanza, mkono baadaye. Siku nyingine kasirika tu, ila fungua dirisha."