Fungu la Haijulikani

"Jirani, mwizi akiingia kwako leo akachota humo, utajua kachukua ngapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni fundi wa simu na kompyuta, mwanamke wa chumba cha pili kutoka kwangu. Mtaa mzima tunamwita Bisibisi, maana hakai bila bisibisi nyuma ya sikio. Alikuja kuchukua sketi niliyoitia zipu mpya. Akanikuta nimekaa sakafuni, nahesabu pesa za kopo kwa mara ya tatu.

"Nitajua," nikamjibu. "Nina daftari."

"Haya. Daftari linasema zipo ngapi?"

Daftari lilisema elfu arobaini na moja. Koponi mlikuwa na elfu ishirini na tisa.

Bisibisi hakucheka. Alilipa, akachukua sketi yake, akaenda zake. Swali aliliacha hapohapo sakafuni pamoja na mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Ni mjane, mwaka wa sita sasa. Darasa la saba nilimaliza, na mwandiko wangu unasomeka. Kila suruali ninayopunguza naiandika. Kila uzi, kila kilo ya unga, naandika. Mteja akinilipa, pesa naitia mfuko wa aproni. Jioni naihamishia koponi, nafunga kabati kwa ufunguo. Lakini kila mwezi kopo lilipungua elfu kumi na mbili hivi, na sikujua zinakwenda wapi.

Mwanangu ni dereva wa malori. Huenda safari za wiki sita. Mkewe ninaishi naye. Ni msichana mpole, ana mkono mzuri wa kutia vifungo. Nikienda kusali, ufunguo nilimwachia yeye.

Alhamisi hiyo alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Huja kila Alhamisi kunijulia hali. Siku hiyo nilimweleza habari za kopo. Akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. Lakini hakuishusha sana.

"Shemeji, mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Ila kabla huyo mke wa mwanao hajaja hapa, kopo liliwahi kupungua?"

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Mimi nimeuliza tu," akasema.

Neno lile lilinikaa kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo. Hulioni, lakini ukigeuka linachoma. Kesho yake asubuhi nikamwambia mkwe wangu, "Ule ufunguo nitakaa nao mwenyewe." Hakuuliza kwa nini. Alikwenda kuuleta, na utepe wake mwekundu, akauweka kiganjani mwangu kwa mikono miwili.

Mchana akaja kunipigia magoti mbele ya cherehani.

"Mama, naomba ruhusa. Niende kwetu mpaka mume wangu arudi."

"Kuna nini?"

"Jana nilikuwa jikoni, mama. Mlango ulikuwa wazi."

Akienda kwao na jina la wizi, mwanangu atarudi akute kitanda kitupu. Atamwamini nani, mama yake au mkewe? Na kama ni mwizi kweli? Na kama siye?

"Nipe wiki tatu," nikamwambia. "Nikishindwa kupata ukweli, nitakusindikiza mwenyewe, na mbele ya mama yako nitasema sina ushahidi."

Nikaenda kwa Bisibisi.

Alinisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye simu ya watu. Kisha akauliza, "Ile kompyuta ya kukunja ya mwanao bado ipo?"

"Ipo chini ya kitanda. Inawaka, lakini kuukuu."

"Ilete. Nitakuwekea programu ya kutunza hesabu za nyumbani. Haihitaji kompyuta ya kifahari."

"Bei gani?"

"Bure."

Nikasimama. "Bisibisi, mimi sikuzaliwa jana. Cha bure kina ndoano ndani."

Hapo ndipo akacheka. "Kaa, mama. Wewe una patani za magauni, si ndiyo? Zile karatasi za kukatia."

"Ninazo."

"Fundi mwenzio akija kuomba patani, akaikopi, akaishonea, wewe umepungukiwa nini?"

"Sijapungukiwa. Na akiona kwapa limekaa vibaya, anarekebisha, ananirudishia patani nzuri zaidi."

"Basi hii ndiyo programu huria. Waliotengeneza wameacha patani yake wazi. Mjuzi yeyote anaweza kuisoma, kuona kama imefichwa kitu kibaya, kuirekebisha, na kumpa mwenzake. Zipo programu nyingine za bure ambazo patani yake imefungwa. Hizo huwezi kujua zinafanya nini na hesabu zako. Hii inakaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Hata intaneti haihitaji ukishaiweka."

"Na wewe umeitoa wapi?"

"Kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Usipokee kwa mtu wa barabarani na flashi yake. Utaletewa programu na maradhi juu."

Akaja nyumbani jioni hiyo. Nilitaka akae na mimi peke yangu. Akakataa.

"Mkweo aje. Mmoja anasoma, mmoja anaandika. Mkishuhudia wawili, hakuna wa kusema nimeonewa."

Tukakaa watatu kwenye meza ya kukatia. Programu ilikuwa na maneno ya kigeni hapa na pale, lakini majina ya mafungu tuliandika wenyewe kwa lugha yetu. Kopo. Aproni. Ushonaji. Chakula. Kodi ya chumba. Uzi na vifungo. Bisibisi akatufundisha jambo moja, akalirudia mpaka nikaliota.

"Kwenye daftari uliandika pesa imetoka, basi. Hapa haikubali. Kila pesa lazima iwe na ilipotoka na ilipokwenda. Ikitoka Aproni, imekwenda Kopo? Imekwenda Chakula? Sema. Usipojua, usidanganye. Kuna fungu nimekuwekea, linaitwa Haijulikani. Itie humo."

"Na nani atafungua hii kompyuta?"

"Mwenye neno la siri. Liwekeni refu, na msibandike ukutani. Na kila Jumamosi nakilini faili kwenye flashi, mkaiweke mbali na kompyuta. Kompyuta ikifa, hesabu zisife nayo."

Tukahesabu pesa za mwanzo sote watatu, mpaka sarafu za chini ya kitambaa. Tukaanza.

Kila siku saa kumi na moja, nikifunika cherehani, nilisoma na mkwe wangu akaandika. Mwanzo hatukuzungumza ila tarakimu. "Elfu mbili, pindo la pazia." "Nimeandika, mama." Kisha tulihesabu pesa za mkononi na kulinganisha na za kwenye kioo cha kompyuta. Siku zikilingana, mashavu yake yalilegea kidogo. Zisipolingana, alitia pungufu kwenye Haijulikani, akatazama vidole vyake.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu muda wote, na utepe wake. Na bado pesa zilipungua.

Wiki ya tatu ilipoisha, Bisibisi alikuja na kiti chake. Akafungua Haijulikani. Ilikuwa na elfu kumi na mia tano. Mistari ilikuwa minne tu. Mmoja wa Jumatatu, elfu moja na mia tano. Mitatu mingine ilifanana, elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu.

"Zote zimetoka Aproni, hazijafika hata koponi," akasema. "Na angalia tarehe. Jirani, Alhamisi kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu. Shemeji huja kunisa..."

Sikumaliza.

Shemeji akija, hunisalimia vizuri. Akiondoka husimama mlangoni na kuomba. Shemeji, nauli tu. Natia mkono kwenye aproni, namkunjia mkononi. Kisha, na hiyo dawa ya kikohozi, shemeji. Kisha, na vocha ya simu niwe nakujulia hali. Sikuwahi kuhesabu. Sikuwahi kuandika. Tangu utoto nimefundishwa kwamba sadaka haihesabiwi, na anayeihesabu anajisifu. Kwangu mimi, kilichotoka kwa ajili ya Mungu kilikuwa hakijatoka.

Nikamgeukia mkwe wangu. "Ulijua?"

"Nilikuwa naona, mama."

"Na ulipewa jina la wizi ukanyamaza?"

"Ningesema, ningeonekana namchonganisha shemeji yako na wewe. Halafu ni sadaka yako. Mimi nani wa kuiingilia?"

Nilivua utepe shingoni. Nilitaka kumpigia magoti kama alivyonipigia. Alinishika viwiko kabla sijafika chini. "Mama, usinitie laana," akasema, huku analia na kucheka. Nikamwekea ufunguo kiganjani kwa mikono miwili.

Bisibisi akajifanya anakagua waya.

Baadaye nikamuuliza swali lililonisumbua. "Sasa sadaka niiandike? Si kujitangaza huko?"

"Kompyuta inamtangazia nani? Neno la siri mnalo ninyi wawili."

Nikawaza peke yangu nikiwa na mkasi mkononi. Watu wakifiwa na hawana kitu, mimi huwashonea sanda bure. Lakini sijawahi kukata sanda bila kupima kitambaa. Kupima hakujawahi kuifanya isiwe bure. Basi tukafungua fungu jipya, Sadaka. Kila Jumatatu tunalitia kiasi kabla ya matumizi mengine. Likiisha, limeisha mpaka Jumatatu. Na tangu hapo wagonjwa wa mtaani wanapata zaidi kutoka kwangu kuliko zamani, kwa sababu sasa ninajua ninachotoa na ninampa nani.

Ile elfu moja na mia tano ya Jumatatu hatukuipata mpaka leo. Mkwe wangu alitaka kuitia kwenye Chakula ili hesabu ipendeze. Bisibisi akamkataza. "Iache Haijulikani. Hesabu ya kweli ina shimo lake. Ya kughushi ndiyo isiyo na shimo." Bado ipo. Naiona kila nikifungua.

Mwezi uliofuata kopo na kompyuta vililingana. Mwezi wa nane tulinunua mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, ya mkono wa pili lakini nzima, kwa pesa za fungu la Akiba. Mke wa mwanangu ndiye anayeiendesha. Wanawake watatu wa mtaani wamekuja kujifunza hesabu kwake, na kila mmoja ameondoka na programu yake. Hatujamtoza mtu.

Lakini sijasimulia Alhamisi ya nne, na hiyo ndiyo iliyofunga mambo.

Shemeji aliingia akatukuta mezani, mkwe wangu ana kompyuta mbele yake.

"Eeh! Siku hizi wajane mna ofisi!" akasema, akavuta kigoda. "Haya, mwizi wako umemnasa?"

"Nimempata aliyekuwa anatoa pesa," nikasema. "Ni mimi."

Nikamgeuzia kioo. Mstari kwa mstari, tulikuwa tumezihamisha zile tatu kutoka Haijulikani na kuzipa jina lake halisi. Shemeji, nauli na dawa na vocha. Alhamisi. Alhamisi. Alhamisi.

Akasoma. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Mmeniandika?"

"Nimejiandika mimi. Nilitoa kwa mkono wangu na moyo wangu, shemeji. Sikudai hata senti, wala sitakudai."

"Sasa unanionyesha hiki kwa nini?"

"Kuna neno ulilitoa juu ya huyu binti, na mlango uko wazi. Ulijua pesa zinakwenda wapi, maana zilikwenda mfukoni mwako. Lile neno ndilo ninalodai."

Alimtazama mkwe wangu. Mkwe wangu hakuinua macho kwa hasira, aliyainua tu. Kisha akabonyeza vitufe viwili vitatu, taratibu, kama tulivyofundishwa. Akafungua kabati kwa ufunguo wake wa utepe mwekundu. Akatoa mia tano, akaziweka mezani mbele ya shemeji.

"Nauli yako, baba," akasema. "Nimeshaiandika."

Shemeji alizitazama zile pesa. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaokota kofia yake magotini, akainuka, akakisukuma kigoda chini ya meza kama mtu aliyefundishwa adabu, na akatoka.