Mwizi wa Rafu ya Chini

Mwizi aliziacha gemu zote za kandanda na za mbio za magari. Alibeba zile za rafu ya chini tu, za kumwaga damu, ambazo makasha yake yameandikwa kuwa ni za watu wazima. Inspekta Jerotich alichuchumaa mbele ya rafu tupu, ndani ya duka la Kihara pale chini ya mtaa wa Milimani, akajisemea kuwa mwizi mwenye kuchagua hivi hakuja kwa tamaa.

Kufuli halikuvunjwa. Konstebo Zeddy alikuwa mlangoni akisaka alama za vidole.

"Wateja wa rafu hii ni kina nani?" Jerotich alimuuliza mwenye duka.

"Wanafunzi, madam. Wakitoka shule wanajaa hapa."

"Wa miaka mingapi?"

"Kumi, kumi na tatu..."

"Na kasha limeandikwa kumi na nane."

Kihara akapandisha mabega. "Si pombe hii, madam. Nionyeshe mtu mmoja alishikwa juu ya kuuzia mtoto gemu. Sheria ikikuja na meno, nitafunga hiyo rafu."

Jerotich aliinuka kwa hasira, akaanza kupekua kaunta. Ndipo alipoiona sweta ya shule chini ya kaunta, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mweusi. Uzi huo aliutia yeye mwenyewe. Sweta ilikuwa ya Kibii, mwanawe, aliyedai imepotea, na ambaye amekuwa akimlilia anunuliwe gemu ya aina hiyo hiyo.

Kumbe mwizi ni Kibii? Angeweza kuificha kwapani, nani angejua? Aliitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Madam, hapa kuna unga," Zeddy alisema, akionyesha rafu.

Jerotich alilisugua lile vumbi jeupe kati ya vidole. Halikuwa unga. Lilikuwa vumbi la mgodi wa Kariandusi, ambalo wakulima wa huko huchanganya na mahindi ili fukusi wasiyaguse.

"Gunia la mahindi limepita hapa. Kihara, kwenu ni wapi?"

"Kariandusi."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mathe tu, mama yangu. Alinishikia duka Jumamosi nikienda Nairobi. Lakini mathe ni mtu wa kanisa!"

Huko Kariandusi, Mama Wangare, mama yake Kihara, aliwapokea kwa chai. Hakungoja kubanwa.

"CD ziko wapi, mama?" Jerotich aliuliza.

"Kwa pipa ya mahindi. Zimetulia."

"Mbona umwibie mwanao?"

"Nimemwambia mara ngapi? Ananijibu sheria haisemi kitu. Jumamosi nikauzia watoto, sijui nauza nini. Halafu kakuja kamoja hakana pesa, kakavua sweta kaniachie rehani. Mvua inanyesha, kanatetemeka, macho iko kwa kasha tu! Nikakafukuza, kakakimbia bila sweta. Sasa nikaangalia hiyo kasha vizuri. Mtu anakatwa shingo! Nikaenda kuleta gunia. Kama sheria imelala, na mimi nilale?"

Jerotich alishusha pumzi ndefu. Kibii si mwizi! Alitamani kumkumbatia mshukiwa wake palepale. Kisha aibu ikamjia, maana mtoto aliyemtia mama huyu uchungu ni wake.

Kihara, aliyekuwa ameinamisha kichwa mlangoni, alikohoa. "Madam, futa hiyo ripoti. Siwezi kushtaki mathe."

"Na rafu?"

"Nitauzia mwenye kitambulisho."

"Sheria haijakulazimisha."

"Mathe amenilazimisha."

Zeddy akageuka ukutani kuficha kicheko. Jerotich aliutoa mfuko wa vielelezo. "Ni sweta hii, mama?"

"Hiyo hiyo. Kwani unamjua mwenyewe?"

"Ni mtoto wangu."

Mama Wangare akamwongezea chai.

"Basi mpelekee, asishikwe na baridi. Wangu nimemaliza naye. Huyo wako ni kazi yako."